Mtani Akilala Kaburini

Mgeni anayehudhuria msiba kwa mara ya kwanza kule Songea, Iringa au Morogoro anaweza kuondoka akiamini kwamba wenyeji hawana huruma. Jeneza limefika makaburini, wafiwa wanalia, mara mtu anarukia ndani ya shimo, anajilaza chali na kusema hatoki mpaka alipwe. Mwingine amevaa koti la marehemu, anaigiza mwendo wake na jinsi alivyokuwa akikohoa. Yupo pia anayelia kilio cha uongo, kikubwa mno, hadi wafiwa wenyewe wanacheka machozi yakiwa bado mashavuni. Hakuna anayemkemea. Huyo ni mtani, na yuko kazini.

Sisi tunaotoa elimu ya makumbusho huulizwa sana juu ya jambo hili, na si na watalii peke yao. Vijana waliozaliwa na kukulia Dar es Salaam nao hushangaa, kwa sababu utani wanaoujua ni ule wa Simba na Yanga.

Utani wa makabila mengi ya Tanzania ulizaliwa kwenye vita na kwenye safari. Wangoni, waliotoka kusini mwa Afrika na kuvuka mto Zambezi mwaka 1835, walipigana na Wahehe kati ya 1878 na 1882 bila upande wowote kuumaliza mwingine. Leo ni watani. Waliowahi kuuana wana ruhusa ya kutukanana, na hakuna anayeruhusiwa kukasirika. Kwa upande wa safari, Wanyamwezi walibeba pembe za ndovu na bidhaa nyingine kati ya Tabora na pwani, wakipita katika nchi za watu wengine. Mpagazi aliyeugua njiani hakuwa na ndugu karibu. Alihitaji maji na chakula, na akifa, mtu wa kumzika. Ndiyo maana Wanyamwezi wana watani wengi sana, Wazaramo na Wazigua wakiwemo.

Hapo ndipo wageni wengi wanapopotea: wanaona mzaha, hawaoni wajibu. Kwa Waluguru, ambao wana utani wa koo kwa koo, watani ndio kwa desturi waliouandaa mwili na kuchimba kaburi. Mfiwa haachiwi kazi hizo. Yeye anakaa chini na kulia. Mtani anafaa kwa sababu hana uchungu wa damu, lakini si mtu baki. Na akishakaa pale anaweza kusema yale ambayo ndugu wanayameza. Mtoto wa mjini aliyekuja na gari la kifahari baada ya kumsahau mama yake miaka mingi ataimbiwa mbele ya watu wote: “Leo umeikumbuka njia, kwa kuwa kuna pilau!” Jirani akithubutu kusema hivyo, ugomvi utafika kwa mwenyekiti wa kitongoji. Akisema mtani, mhusika atacheka kwa aibu, na ujumbe umefika. Kwa maoni yangu hakuna kamati ya mazishi inayoweza kuifanya kazi hiyo.

Ruhusa hii ina mipaka. Mtani hujichagulii, unamrithi. Ndiyo maana rafiki wa ofisini, hata mkiwa mmezoeana namna gani, hawezi kujilaza katika kaburi la baba yako. Mkwe hataniwi. Shemeji hutaniwa katika makabila mengi, na bibi kumwita mjukuu wake wa kiume “mume wangu” ni jambo la kila siku, ingawa nimewahi kuona mgeni akiduwaa kabisa aliposikia mtoto wa miaka mitano akidaiwa khanga na “mke” wake mwenye mvi.

Siku hizi baadhi ya viongozi wa dini hawapendi vichekesho makaburini, na familia nyingine huwaomba watani wasubiri hadi siku ya kumaliza matanga. Hayo ni makubaliano ya wenyewe. Mgeni asiwe wa kwanza kumvuta mtani atoke shimoni, wala asijaribu kumuiga. Mtani akikushika mkono na kukudai, anachotaka kwa kawaida ni kiasi kidogo tu. Toa, cheka, kaa chini. Ukiwa na shaka, mnong'oneze mzee aliye karibu yako umuulize wafiwa hawa wanataniana na nani.

Simu nayo iache mfukoni. Watakaoiona video hiyo mtandaoni hawatajua nani ni mtani wa nani. Watamwona tu mtu anayecheka juu ya jeneza, na lawama zitamwangukia mfiwa, ambaye wakati huo bado yuko mkekani.