Mnara haukuanguka

"Fundi, mnara wa msikiti huu ulianguka lini?" Juzi nimeulizwa tena, na kijana wa hapa hapa Lamu, niko juu ya jukwaa naziba nyufa. Haukuanguka, mwanangu. Haukuwapo.

Misikiti mingi ya kale ya pwani yetu haikuwa na mnara. Mwadhini alipanda ngazi akaadhini juu ya dari, basi. Nendeni kwenye magofu ya mji wa kale wa Gede, karibu na Malindi, muuone Msikiti Mkuu: kisima, birika la kutawadhia na ngazi ya kupandia juu. Ule mnara mweupe wa msikiti wa Shela, hapa kisiwani Lamu, ni wa 1829. Naupenda sana, lakini msiufanye ndio kipimo cha misikiti iliyoutangulia kwa karne nyingi.

Linaloniudhi zaidi ni hili la nguzo. Eti mjenzi alikosea, kaweka nguzo mbele ya mihrabu, kile kidaka cha ukutani anaposimama imamu! Tazameni juu kwanza. Dari ni mawe na chokaa, uzito mtupu, na chini yake ni boriti za mikoko. Boriti haiwezi kuruka nafasi ya zaidi ya mita 3 hivi bila kupinda. Ukitaka upana, ongeza safu ya nguzo. Ukitaka nafasi zaidi, refusha kuelekea kibla, upande wa Makka, ambao kwetu ni kaskazini. Mjenzi alikuwa anaijua boriti yake vizuri.

Na wale wa "Waarabu walikuja wakajenga", wasome habari za mji wa kale wa Shanga, kisiwani Pate. Mwanaakiolojia Mark Horton alichimba chini ya msikiti wa mawe akakuta misikiti ya miti, wa kwanza kabisa ukiwa wa karne ya 8. Na kule Gede, juu ya mlango wa msikiti, umechongwa mkuki: alama ya watu wa pwani hii.

Mihrabu huchongwa kwa tumbawe lililotoka baharini likiwa bado bichi, laini kiasi cha kukatika kwa kisu. Likikauka, linashika. Hapa ninapofanya kazi ukingo wa nakshi umekuwa butu kama sabuni iliyotumika, kwa sababu kila Ramadhani ikikaribia watu hupaka chokaa mpya. Niikwangue nakshi ionekane, au niyaache matabaka ambayo babu za watu hawa waliyapaka kwa mikono yao? Sijakata shauri. Nimekwangua sehemu ya ukubwa wa kiganja, likatokea jani moja, kali kama limechongwa leo. Nikaweka kisu chini.