Vyungu vya saruji vya kupandia maua ya ndani: dhana potofu na ukweli

"Chungu kikikauka juani, kiko tayari." Saruji haiwi ngumu kwa kukauka. Inakuwa ngumu kwa sababu inaungana na maji, na jua likiyanyonya mapema kazi hiyo hukatikia njiani: ukingo unapukutika kama mchanga na nyufa nyembamba zinajitokeza. Kitoe kwenye kalibu, yaani umbo la kumiminia, baada ya saa 24 hadi 48, kifunge kwa nailoni, ukiweke kivulini siku 7 huku ukikinyunyizia maji. Mafundi wa matofali humwagilia kwa sababu hiyohiyo.

"Ongeza maji ili imiminike vizuri." Maji yaliyozidi huacha vitundu yanapotoka, na chungu kinakuwa dhaifu. Kwa kilo 1 ya saruji na kilo 2 za mchanga mkavu uliochekechwa, anza na nusu lita ya maji, uongeze kidogo kidogo. Mchanganyiko mzuri ukiufinyanga mkononi unashikana bila kuchuruzika. Vaa glavu, kwani saruji mbichi inaunguza ngozi.

"Kokoto chini zinasaidia maji kutoka." Hii ndiyo imeenea kuliko zote, na ndiyo inayoozesha mizizi mingi. Maji hayatoki kwenye udongo laini kuingia kwenye nafasi pana za kokoto mpaka udongo ushibe kabisa. Kwa hiyo lile tabaka la tope ambalo lingekaa chini kabisa linapanda juu, karibu na mizizi. Katika chungu cha sentimita 15, kokoto za sentimita 4 zimekuibia zaidi ya robo ya nafasi bila faida yoyote. Weka kipande cha neti ya dirisha juu ya tundu kuzuia udongo, basi.

Na tundu lazima liwepo, hata kama chungu kitakaa sebuleni. Simamisha kipande cha bomba la nusu inchi kilichopakwa mafuta ndani ya kalibu kabla ya kumimina, kisha ukizungushe na kukichomoa kesho yake. Kutoboa baadaye kunawezekana, ila zima mpigo wa nyundo kwenye drili, la sivyo kitako kinapasuka.

"Majani yakigeuka njano, mmea una njaa ya mbolea." Kwenye chungu kipya, tazama jani kwa karibu. Jani changa likiwa la njano huku mishipa yake imebaki kijani, mmea unakosa madini ya chuma, na mara nyingi chanzo ni chungu chenyewe. Maji ya saruji mbichi yana pH (kipimo cha uasidi na ualkali; 7 ni katikati) ya 12 hadi 13, ilhali mimea mingi ya ndani inapenda udongo wa kama 5.5 hadi 7. pH ya udongo ikipanda hivyo, chuma kimo lakini mizizi haiwezi kukichukua, hata umwage mbolea kiasi gani. Dawa yake hufanywa kabla ya kupanda: zamisha chungu kwenye ndoo ya maji siku 7 hadi 10, ukibadilisha maji kila baada ya siku moja au mbili.

Ungaunga mweupe unaotokea nje baadaye si ukungu. Ni chokaa na chumvi zilizobebwa na maji. Zisugue kwa brashi kavu.