Neno "hit" la Kiingereza: si kila saa ni kupiga

Apa Lubumbashi Kiingereza imekuwa lugha ya kazi, tusidanganyane. Zambia iko pale tu, kamyo zinapanga foleni ku mpaka wa Kasumbalesa usiku na mchana, kampuni nyingi za migodi zinaandika karatasi zao kwa Kiingereza, na vijana wanakuja jioni ku kituo chetu cha lugha juu wanatafuta kazi. Mimi nafundisha pale, na kuko neno moja dogo lenye linasumbua wanafunzi kuliko maneno marefu yote: hit. Wanafungua kamusi, kamusi inawaambia kwa Kifaransa "frapper", yaani kupiga, basi wanafunga kamusi na kuanza kuandika hit kila pahali Kiswahili inasema piga.

Sasa angalia vile piga yetu inafanya kazi nyingi. Tunapiga simu, tunapiga picha, tunapiga pasi, tunapiga magoti, tunapiga kelele, na ndani ya hizo zote hakuna hata moja Mwingereza atatumia hit. Simu ni call, picha ni take, pasi ni iron. Ukimwandikia bosi wako "I will hit you tomorrow" ukifikiri umemwambia utampigia kesho, yeye atasoma kwamba kesho unakuja kumchapa, na hiyo si barua ya kumwandikia mtu mwenye anataka kukupa kazi!

Kinachosaidia ni kujua neno lilitoka wapi. Waingereza walilipata kwa watu wa Skandinavia, wale mabaharia walioingia Uingereza zaidi ya miaka elfu moja iliyopita, na kwao hitta ilikuwa kukutana na kitu, kukifikia. Mpaka leo ukienda Sweden hitta ni kupata kitu chenye ulikuwa unatafuta, hakuna ngumi ndani. Ukishika ile maana ya kufika na kugusa, mambo mengi yanafunguka yenyewe.

Chukua shaba, juu hiyo njo habari yetu sisi. Mwezi wa tano mwaka 2021 bei ya shaba ilipita dola 10 000 kwa tani, na magazeti ya Kiingereza yakiandika juu ya bei kama hiyo yanasema "copper hits record high". Shaba haijapiga mtu. Imefika juu, pale haijawahi kufika. Lakini siku bei inashuka utasoma "miners hit by low prices", na hapo ni maumivu, wachimbaji wameumia. Neno ni lile lile, kwa hiyo angalia kinachofuata: kama ni namba au kiwango, jua ni kufika, kama kuko by na kitu kibaya, vita, kolera, tetemeko, jua ni kupatwa. Mji wa Bukavu ulipata tetemeko tarehe 3 mwezi wa pili 2008, na kwa Kiingereza unaweza kusema tu "an earthquake hit Bukavu", hakuna haja ya kuzunguka.

Kwa mashofere nataka nikae kidogo, juu hapa kosa la neno moja linaweza kukugharimu makuta mingi. Ukivuka Kasumbalesa unatoka upande wa kuume unaingia upande wa kushoto, kwa sababu Zambia wanaendesha kushoto, na ajali inaweza kutokea hata kwa mtu mwenye anajua kazi yake. Polisi wanakuletea karatasi ueleze. Ukiandika "I hit the car", umekubali kwamba wewe njo uligonga. Kama wewe njo uligongwa, andika "I was hit by the car". Kwa Kiswahili gonga na gongwa zinajitenga zenyewe, sikio inasikia, lakini hit haibadiliki kwa wakati uliopita wala kwa kutendwa: leo hit, jana hit, kugongwa pia hit, hakuna hitted, usiiandike hata siku moja. Kenye kinakulinda ni kale ka was kadogo, kakikosekana maana inageuka na kosa linakuangukia. Na ukisikia wanasema hit and run, ni mtu mwenye amegonga akakimbia, hiyo ni kosa la jinai, kwa hiyo kama wanakuuliza juu yake usijibu yes yes ili tu waondoke.

Kwa mpira pia wanafunzi wanateleza. Mwaka 2010 kule Abu Dhabi timu yetu TP Mazembe walishinda Internacional ya Brazil 2-0 kwenye nusu fainali ya kombe la dunia la vilabu, mji mzima unakumbuka, na Kiingereza yake ni "Mazembe beat Internacional". Si hit. Beat ni kushinda, na pia ni kupiga mara nyingi mfululizo, kama vile ngoma, wakati hit inatosha pigo moja. (Kwa fainali Inter Milan ya Italia walitufunga 3-0, hiyo pia ni beat, ukweli ni ukweli.) Strike nayo iko na njia yake, radi inastrike, saa ya ukutani inastrike, na wafanyakazi wakifanya greve, yaani mgomo, Waingereza wanasema wako on strike. Kwa beisiboli ya Wamarekani hit ni pale mchezaji anapiga mpira na kufika salama ku kituo cha kwanza, mchezaji Pete Rose alipata hit 4256, na strike ni kinyume, kwa mfano pale amekosa mpira kabisa.

Wimbo wenye unachezwa kila bar ya Kenya na Katuba, komini zetu za apa Lubumbashi, ni hit, hiyo mnajua tayari kupitia hit-parade ya Kifaransa. Ku telefoni "hit send" ni bonyeza utume. Rafiki akikuandikia "hit me up" anasema nitafute, usikasirike. Lakini dada zangu na wadogo zangu, muwe makini: "hit on" mtu ni kumtongoza, na hitman ni muuaji wa kulipwa, kwa hiyo usijiite hitman juu umetoa wimbo mzuri.

Imebaki sauti. Sisi tunasema "apa", "uyu", tunameza h, na Kifaransa nayo inatuzoeza hivyo hivyo, kwa hiyo hit ikitoka kinywani inakuwa it. Tukiivuta kidogo inakuwa eat, kula. Anza kwa kusema "hapa" na "hewa" kwa nguvu, mkono mbele ya mdomo mpaka usikie pumzi inagusa vidole, halafu sema hit, fupi, usiivute, kata pale pale ku t.