Je, wajua kwa nini upanuzi wa umio una namba nyingi?

Mgonjwa ambaye chakula humkwama kifuani anapomeza huenda akapanuliwa umio, yaani njia inayotoa chakula kooni na kukifikisha tumboni. Nchini Marekani, madai ya malipo ya tiba hiyo hufika kwa kampuni ya bima yakiwa na namba ya tarakimu 5 kutoka CPT, orodha ya namba za huduma za kitabibu inayotunzwa na Chama cha Madaktari cha Marekani. Hata hivyo, wagonjwa wawili waliotibiwa na daktari mmoja siku moja wanaweza kuandikiwa namba tofauti.

Hii ni kwa sababu namba hufuata kifaa kilichotumika na mahali kilipofika. Daktari akishusha kamera ya endoskopi, yaani mrija mwembamba wenye kamera, hadi mwanzo wa utumbo mwembamba, akaingiza waya na kupitisha kipanuzi juu yake, namba ni 43248. Akitumia puto lenye kipenyo cha chini ya milimita 30, linalopita ndani ya mrija wa kamera, ni 43249. Puto likifikia milimita 30 au zaidi, ni 43233. Mpaka huo haukuwekwa ovyo. Puto kubwa kiasi hicho hutumika hasa kwa akalasia, ugonjwa ambao msuli wa mwisho wa umio hukataa kulegea. Nia ni kuchana nyuzi za msuli huo, na hatari ya kutoboa umio huwa kubwa zaidi. Kipanuzi kikipitishwa bila waya, namba ni 43450, nayo huandikwa mara 1 tu hata vikipita vipanuzi kadhaa vya unene tofauti.

Namba ya tiba haiendi peke yake, kwani bima hutaka pia kujua sababu ya tiba, ambayo tangu Oktoba 2015 huandikwa kwa ICD-10-CM, orodha ya namba za magonjwa na dalili. Shida ya kumeza isiyofafanuliwa ni R13.10. Lakini daktari akithibitisha kuwa umio umebanwa na kovu, huandikwa K22.2, na dalili inayotokana moja kwa moja na ugonjwa huo kwa kawaida haiandikwi tena.

Kwa hiyo ripoti inayosema tu kwamba umio ulipanuliwa haitoshi hata kidogo. Mwandishi wa namba hapaswi kukisia, bali amrudie daktari na kumuuliza kilitumika kifaa gani, cha ukubwa gani, na kamera ilifika wapi.