Likizo ya Juni, ndoo ya viazi na jiwe la nyuma ya nyumba

Nafundisha darasa la kwanza na la pili hapa Mwanza, mwaka wa 17 sasa. Kila Juni, shule zikikaribia kufungwa, wazazi hunisimamisha getini na swali lile lile: "Mwalimu, hawa tutawafanyaje mwezi mzima, na hela yenyewe ndiyo hii?" Zamani nilikuwa nawatajia sehemu za kwenda. Siku hizi nauliza kwanza: pale nyumbani kuna kazi gani inayochukua siku nne?

Wananishangaa. Lakini wakirudi shule Julai, nawaketisha watoto mkekani wanisimulie likizo. Aliyepelekwa kwenye starehe anasema, "Tulienda, tukala chipsi, tukarudi." Basi, kamaliza. Aliyejenga banda la kuku na mjomba wake hukatishi: kwanza tulikata miti, halafu mchwa wakaingia, ikabidi tung'oe upya. Hiyo "ikabidi" ndiyo ninayoitafuta. Mtoto wa miaka saba anayeweza kueleza kipi kilisababisha kipi, kusoma kwa ufahamu hakumpi shida sana, maana hadithi ya kitabuni nayo imepangwa hivyo hivyo.

Nami nimewahi kuingia mkenge. Mwaka juzi niliwapeleka wangu wawili kwenye hoteli moja ya ufukweni, na shilingi 70,000 zikawa zimeyeyuka kabla ya saa tisa alasiri. Ukimuuliza mdogo anakumbuka nini, atakwambia tomato ilikuwa ya bure, unajimiminia mwenyewe.

Mwaka jana tukatengeneza michembe, yaani vipande vya viazi vitamu vilivyokaushwa juani. Juni ni wakati wake: mvua zimeisha, viazi vitamu vimejaa sokoni, na jua halina utani. Nilinunua ndoo moja kwa shilingi 9,000. Bibi jirani, ambaye wanangu humsalimia "mwangaluka" kabla hata hawajanawa uso, akasema visiguswe kwanza. Viazi hulazwa siku mbili tatu visinyae. Hapo ndipo humenyeka vizuri na utamu kuongezeka. Kwa mtoto, siku mbili za kusubiri kiazi ni mateso, nami nikawaacha wateseke.

Siku ya tatu tukamenya. Mkubwa, wa darasa la nne, alishika kisu. Mdogo akapewa kazi ya kupanga vipande juu ya jiwe la nyuma ya nyumba. Sisi wa milimani huku hatununui turubai, jiwe tumepewa. Mkubwa alianza na vipande vinene kama kidole, kazi iishe haraka. Kesho yake vile vinene vilikuwa bado vinapinda, vyembamba vinavunjika "ta!" mkononi. Hakuna aliyemwambia kitu. Alirudi kuvikata upya mwenyewe, amenuna. Mimi nikitaka kufundisha ukaushaji darasani nahitaji vipindi viwili na chaki, na nusu ya darasa itakuwa imesinzia.

Tatizo lililobaki lilikuwa mbuzi. Siku ya pili ya kuanika, mbuzi wa jirani walipanda jiweni wakafagia upande mzima. Kilio! Watoto wakapangiana zamu ya ulinzi: mmoja asubuhi, mwingine alasiri. Mdogo alikuwa anakaa pale na fimbo, hana simu, hana wa kucheza naye. Kila nikipita: "Mama, nimechoka. Hakuna cha kufanya." Namjibu, "Pole baba," naendelea na nguo zangu. Wazazi wengi wakisikia neno hilo hukimbilia rimoti au pochi. Mimi nimejifunza kuliacha. Likipita, ndipo mtoto anaanza kuona vitu.

Televisheni sina ugomvi nayo. Saa ya jua kali, baada ya kula, waache waangalie.

Ila kuhusu ziwa nitakuwa mkali kidogo, kwa sababu kila likizo naona watoto wamejaa majini kando ya mitumbwi wakati wakubwa wanasema ni burudani ya bure. Si ya bure. Vimelea vya kichocho hutoka kwenye konokono wadogo wa majini, vikapenya ngozi nzima isiyo na kidonda, na hutoka kwa wingi zaidi jua likiwa la utosi. Halafu kuna kosa ninalolisikia kila mwaka: "Wangu hakojoi damu, hana kichocho." Kinachotamba zaidi huku kandokando ya ziwa ni kichocho cha tumbo. Dalili zake ni tumbo kuuma, kuhara, pengine damu kwenye choo, na mtoto anaweza kukaa nacho muda mrefu bila kuonyesha chochote. Dawa ipo, ni ile prazikwanteli wanayomezeshwa shuleni, lakini inatibu kilichomo, haizuii kuambukizwa tena wiki ijayo. Wakitaka kuchezea maji, beseni uani linatosha. Hata kama maji ni ya kuchota ziwani, yakikaa kwenye pipa lililofunikwa siku mbili kamili vimelea hivyo huwa vimekufa. Hayo ni ya kuchezea tu; ya kunywa chemsha.

Ziwa lenyewe waonyeshe kwa njia nyingine. Pandeni kivuko cha kwenda Kamanga, ng'ambo ya maji, na kurudi, jiwe la Bismarck, lile lililosimama ziwani, mkiliona likisogea. Mtoto anajiona amesafiri nchi ya mbali. Au amkeni mapema muende soko la samaki la Mwaloni, Kirumba, mkubwa aulize bei ya sato na sangara mwenyewe, abebe hela mwenyewe, ahesabu chenji mwenyewe. Hesabu ya chenji huwa haisahauliki ikiwa ni ya kwako. Kisiwa cha Saanane, ile hifadhi ya kilometa za mraba 2 na ushee, sisi tunaiweka wiki ya mwisho, iwe kitu cha kungojewa. Ukiianza wiki ya kwanza, zinazofuata zote zitaonekana adhabu.

Usiku umeme ulipokatika tukategeana vitendawili. Vile vya kwenye kitabu wanavijua vyote, nikaweka sharti: kila mtu atunge chake. Mdogo, mlinzi wa michembe, akasimama.

"Kitendawili!"

"Tega!"

"Kavaa shati jekundu, suruali ya bluu, anapiga pushapu kutwa na hana kocha."

Nikataja polisi, nikataja mchezaji wa timu fulani, nikataja fundi. Nikashindwa, nikampa mji. Nilimpa Mwanza akaikataa, eti Mwanza tayari anakaa. Akataka Ukerewe. Alipopewa, akaenda Ukerewe yake, akala samaki, akarudi kutuambia: mjusi wa kwenye jiwe.