Tumbo linauma, sukari inapanda: maswali ninayoulizwa kliniki kila wiki

Jamani naandika hii kwa sababu haipiti wiki kliniki yetu ya kisukari bila kuletewa mtu aliyeacha dawa zake "kwa sababu ya vidonda vya tumbo", na wengine wanaletwa wamebebwa. Haya ndo maswali wanayoniuliza pale kwenye benchi, na nawajibu hivi hivi.

Swali: Sista, huyo bakteria anayeleta vidonda vya tumbo ni kitu gani?

Anaitwa Helicobacter pylori, kwenye majibu ya maabara utaona wameandika H. pylori. Anakaa kwenye ute unaofunika ukuta wa tumbo, anaweza kukaa humo miaka na miaka, na wengi tulimpata utotoni kwa maji au chakula kichafu, mikono isiyonawiwa baada ya choo, au mate ya tunaoishi nao. Karibu nusu ya watu duniani wanae na wengi wao hawasikii chochote. Zamani ilisemwa vidonda vinaletwa na mawazo na pilipili, mpaka madaktari Barry Marshall na Robin Warren kule Australia walipoonyesha kuwa vingi vinaletwa na bakteria huyu, na Marshall mwaka 1984 alimnywa kabisa huyo bakteria tumbo likamuuma, 2005 wakapewa tuzo ya Nobel. Sisi mtaani bado tunalaumu pilipili.

Swali: Sasa anahusiana nini na sukari yangu?

Tumbo lenye bakteria huyu linakuwa na uvimbe mdogo mdogo usioisha, na mwili ukiwa na uvimbe wa hivyo insulini inafanya kazi kwa shida. Tafiti nyingi zimekuta wenye kisukari aina ya pili wanae zaidi, na baadhi ya waliotibiwa sukari yao ilikaa vizuri kidogo, wengine haikubadilika, kwahiyo mtu akikuahidi kwamba ukiua bakteria kisukari kinapona, anakudanganya.

Lakini ninachokiona mimi zaidi ni chakula. Tumbo likichoma mtu anaruka mlo wakati dawa kashameza, sukari inaanguka, alafu jioni tumbo limetulia anakula cha mchana na cha usiku kwa pamoja, au anashushia uji wenye sukari na asali vijiko vinne "kutuliza vidonda". Unafungua daftari lake asubuhi 3.2 (chini mno), usiku 17 (juu mno), namba zote hapa ni za mashine ya mmol/L, sisi tunahangaika kubadilisha dozi kumbe tatizo liko tumboni na hajatuambia. Kingine, bakteria huyu anaweza kukupunguzia madini ya chuma, na chuma kikipungua kile kipimo cha wastani wa sukari ya miezi mitatu, HbA1c, kinaweza kusoma juu kuliko ilivyo kweli. Kidonda kikivuja damu kinaweza kusoma chini. Kwahiyo tuambie habari za tumbo, usione aibu.

Swali: Tumbo likiuma na sili, si niache dawa za sukari kwanza nipone?

Hapana. Narudia, hapana. Hili ndo linanifanya niandike.

Watu wanafikiri sukari inatoka kwenye sahani tu, kwamba usipokula haipandi. Mwili ukiumwa ini lenyewe linamwaga sukari kwenye damu hata kama hujatia kitu mdomoni tangu jana. Ukiacha insulini sukari hiyo haiwezi kuingia kwenye misuli, mwili unaanza kuunguza mafuta, na mafuta yakiungua hivyo yanatoa tindikali inaitwa ketoni. Sasa sikiliza vizuri: ketoni zikijaa zinaleta maumivu ya tumbo na kutapika. Yaani unaacha insulini kwa sababu tumbo linauma, alafu kuacha kule kunalifanya tumbo liume zaidi, nyumbani wanasema vidonda vimechachamaa, wanakuongezea maziwa.

Nilimpokea mama mmoja hivyo. Siku tatu anatapika, insulini iko kwenye mtungi wa maji nyumbani haijaguswa kwa sababu "hali chakula", watoto wake kwa upendo kabisa wanampa magnesiamu za kutafuna na maziwa. Anahema kwa nguvu kama aliyepanda mlima, mashine ya sukari haikutoa hata namba iliandika HI, maana yake imevuka inapoweza kusoma. Tulimuwekea dripu na insulini usiku kucha akapona. Wapo niliowapokea wamechelewa kuliko yeye.

Swali: Lakini nikichoma insulini bila kula si nitaanguka?

Hofu hiyo ni ya haki, ndo maana ukiumwa unapima sukari kila baada ya saa nne hivi, sio mara moja kwa wiki. Insulini ile ya muda mrefu haiachwi, ile ya kuchoma wakati wa kula ndo inaweza kupunguzwa, na anayekuambia upunguze kiasi gani ni kliniki, siku hiyo hiyo, piga simu au mtume mtu. Vidonge vingine vya kisukari kama metformini daktari anaweza kukusimamishia siku mbili tatu ukiwa unatapika. Sawa, lakini kaamua yeye akijua sukari yako ni ngapi. Kupunguza kwa kuelekezwa sio sawa na kuacha kwa kujiamulia. Mashine ikisoma chini ya 4 kunywa maji ya sukari au soda ya kawaida hapo hapo, upime tena baada ya dakika 15.

Swali: Nitajuaje kama ni vidonda au ni sukari?

Kwa kusikilizia tumbo hutajua, hata mimi siwezi. Pima. Na maumivu ya chembe ya moyo kwa mwenye kisukari, hasa yakija na jasho jembamba na kuishiwa pumzi, yanaweza kuwa moyo wenyewe, sio tumbo, kwa sababu kisukari kinaharibu mishipa ya fahamu na kifua kinaweza kisiume kabisa.

Swali: Si metformini ndo imeniletea vidonda?

Metformini inaweza kuleta kichefuchefu, gesi na kuharisha hasa mwanzoni, imeze katikati ya chakula, ikikusumbua useme tukubadilishie. Haichimbi vidonda. Zinazochimba ni dawa za maumivu, diklofenaki na ibuprofeni, mnazonunua kila siku kwa ajili ya miguu inayowaka moto, na zinaumiza figo juu yake. Moto ule wa miguu unatoka kwenye mishipa ya fahamu, una dawa zake, diklofenaki siyo.

Swali: Nimeshanunua dozi ya H. pylori duka la dawa, nianze?

Umepimwa? Kipimo kizuri ni cha choo kikubwa au cha pumzi, kile cha damu kinaweza kuonyesha unae hata kama ulishapona zamani. Kabla ya kupima, omeprazo, ile dawa ya kupunguza asidi, iwe imeachwa wiki 2 na antibayotiki wiki 4, la sivyo majibu yanaweza kukudanganya. Dozi ni dawa za kupunguza asidi na antibayotiki mbili au zaidi, mara nyingi siku 14. Siku 14, sio mpaka maumivu yapoe siku ya tano vidonge vingine umgawie jirani. Wiki 4 baada ya kumaliza unapima tena. Na sema una kisukari, maana klarithromisini, moja ya antibayotiki hizo, ikikutana na glibenklamidi, kidonge cha kisukari, sukari inaweza kushuka mpaka ukazimia.

Swali: Nikimaliza hiyo dozi sukari ikawa nzuri, za kisukari naacha?

Hapana. Jibu ni lile lile.

Swali: Nimeanza kutapika leo Alhamisi na kliniki yangu ni Jumanne. Nisubiri?

Usisubiri Jumanne, usisubiri hata asubuhi. Ukitapika kila unachokunywa, ukitapika damu au kitu kama unga wa kahawa, choo kikiwa cheusi kama lami, ukihema kwa nguvu, sukari ikikaa juu ya 15 haishuki, nenda hospitali usiku huo huo hata kwa bodaboda, mtu akae nyuma akushike. Beba daftari la sukari, mashine, na dawa zote unazotumia pamoja na za kienyeji, hatutakugombeza. Na insulini ibebe.