Je, simu janja humpotezea mzee kumbukumbu?

Moshi mjini hadi vijijini Marangu na Kibosho, wengi huamini kwamba mzee akizoea simu janja, kumbukumbu zake hupotea haraka. Ni hofu ya watu wanaowapenda wazazi wao.

Uchambuzi wa mwaka 2025, uliojumlisha tafiti 57 za watu zaidi ya 411,000 wenye miaka 50 na kuendelea, ulionyesha kinyume: waliotumia kompyuta, simu janja na intaneti walikuwa na uwezekano mdogo zaidi wa kudhoofika kiakili. Hiyo haifanyi simu kuwa dawa. Huenda mwenye akili iliyo timamu ndiye anayejifunza simu kwa urahisi. Kwa hiyo unapotumiwa madai ya aina hii, uliza: watu walifuatiliwa kwa miaka mingapi? Je, jambo moja limesababisha jingine, au yameambatana tu?

Kisha tazama matumizi yenyewe. Bibi anayezungumza kwa video na mjukuu aliyeko Arusha anaushughulisha ubongo. Kukesha na video kunamnyima usingizi, na usingizi ni muhimu kwa kumbukumbu.

Mzee akianza kupotea njia aliyoizoea, tafadhali msiishie kumnyang'anya simu. Mpelekeni hospitali apimwe presha, sukari, usikivu na upungufu wa vitamini B12, maana baadhi ya visababishi hutibika.